Shule zikifungwa: kiangazi cha watoto na wazazi katika maktaba za umma za Marekani

Shule nyingi za Marekani hufungwa kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, na hazifunguliwi tena mpaka Agosti au mapema Septemba. Ni wiki kumi hivi mtoto yuko nyumbani. Kwa familia iliyohamia karibuni kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania) au Nakivale (Uganda), mara nyingi baba yuko zamu ya usiku ghalani, mama anasafisha vyumba hotelini, na bibi ambaye angewaangalia wajukuu amebaki ng'ambo. Kambi za likizo za kulipia bei zake hazishikiki. Kinachobaki ni televisheni na simu.

Maktaba ya umma ya mtaani kwenu imekuwa ikijiandaa kwa wiki hizo tangu theluji haijayeyuka. Hata hivyo, sisi wakutubi kila mwaka tunapokea familia zinazozungumza Kiswahili zikifika Agosti, siku chache kabla ya kengele ya shule, kuulizia programu ya usomaji wa kiangazi iliyoanza Juni. Sababu tunazoambiwa ni zile zile: tulidhani ni ya kulipia, tulidhani ni ya wanaojua Kiingereza, tulidhani wataulizia karatasi. Yote hayo nitayajibu, lakini kwanza mradi wenyewe.

Usomaji wa kiangazi haukuanza jana. Maktaba ya Umma ya Cleveland, Ohio, ilianzisha jumuiya ya wasomaji watoto mwaka 1897, na kaulimbiu yake ilidai moyo safi, mikono safi na vitabu safi. Mikono safi bado tunaisisitiza, hasa baada ya chipsi. Siku hizi mtoto hujiandikisha bila malipo, hupewa karatasi yenye vikasha au hufunguliwa akaunti kwenye programu ya simu, na kila akisoma kwa muda uliowekwa, tuseme dakika 20, anapaka rangi kikasha kimoja. Akijaza safu anapata zawadi ndogo. Akimaliza karatasi nzima, mara nyingi anachagua kitabu kimoja kiwe chake kabisa, hakirudishwi. Maktaba za majimbo mengi hufuata mada moja kila mwaka, 2024 ikiwa ya safari na visa vyake, 2025 ya sanaa na rangi. Ndiyo maana ukitoka Kentucky kwenda kuwatembelea ndugu Idaho unaweza kukuta mabango yale yale ukutani.

Kinachohesabiwa kuwa kusoma ni kipana kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mtoto akisomewa, inahesabiwa. Akisikiliza kitabu cha sauti, inahesabiwa. Dada mkubwa akimsomea mdogo wake, karibu kila mahali wote wawili wanapaka vikasha. Na kwa kawaida lugha haijalishi: Kiswahili, Kibembe, Kinyarwanda, Kifaransa, vyote sawa. Hili la lugha nalirudia kaunta kila siku, na bado naona mzazi anatikisa kichwa haamini.

Je, kuna faida ya kweli, au ni vibandiko tu? Mwanasosholojia Barbara Heyns aliwafuatilia wanafunzi wa darasa la sita na la saba mjini Atlanta, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 1978 yalitupa sisi wakutubi cha kujivunia: katika taasisi zote za umma, zikiwamo shule, maktaba ndiyo iliyochangia zaidi kukuza akili za watoto wakati wa kiangazi. Baadaye watafiti wa Baltimore, Karl Alexander na Doris Entwisle, waliwafuatilia watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 1982 na kueleza kwamba sehemu kubwa ya pengo la kusoma kati ya watoto wa maskini na wa wenye nacho hutokea wakati shule zimefungwa. Hoja hiyo ilienea sana, kisha ikapata wapinzani. Mwaka 2019 Paul von Hippel alionyesha kwamba mitihani iliyotumika zamani ilikuwa na kasoro za upimaji, na kwamba kwa mitihani ya kisasa pengo halionekani kupanuka vile. Kwa hiyo akija mtu kukutisha kwamba mwanao atasahau nusu ya alichofundishwa, mpunguzie. Mimi siuzi hofu.

Kinachonishawishi zaidi ni jaribio lililofanyika Florida chini ya Richard Allington na Anne McGill-Franzen. Watoto wa shule zenye familia nyingi za kipato cha chini walipewa vitabu 12 kila kiangazi kwa miaka mitatu mfululizo, na vitabu hivyo walivichagua wenyewe. Mwisho wake walisoma vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa, na walionufaika zaidi ni wale waliotoka katika familia maskini kuliko zote.

Walivichagua wenyewe. Hapa ndipo mimi na wazazi wetu wengi tunapopishana. Nimeliona mara nyingi mbele ya rafu: mtoto anakuja mbio na kitabu cha katuni, paka kapanda roketi. Baba anakipokea, anakipekua, anakirudisha, anamkabidhi ensaiklopidia ya sayansi ya kurasa mia tatu. Mtoto anaibeba mpaka nyumbani bila ubishi, maana kalelewa vizuri. Wiki tatu baadaye inarudi, na kile kipande cha karatasi nilichokiweka ukurasa wa kwanza kama alama bado kiko pale pale. Baba alitaka mema. Lakini yule wa paka angesoma, angecheka, angerudi kuchukua cha pili. Darasani mtoto huyu atasomeshwa vya lazima miezi tisa au kumi; kiangazi mwache achague, na ensaiklopidia iongezeni juu yake kama mnaipenda.

Kwa walio chini ya miaka mitano kuna saa ya hadithi, ambayo huendelea mwaka mzima lakini kiangazi huongezwa vipindi, vingine nje bustanini. Mzazi hukaa chini na mtoto wake, anaimba naye, anapiga makofi. Chama cha maktaba cha Marekani kina mwongozo kwa ajili ya umri huu, uliotolewa 2004 na kuboreshwa 2011, unaowaeleza wazazi mambo matano ya kufanya na mtoto nyumbani: kuzungumza, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza. Lugha inayoshauriwa ni ile mzazi anayoimudu vizuri zaidi. Mama anayemsimulia mwanawe kwa Kiswahili fasaha, chenye methali na utani, anamjengea msamiati na namna ya kufuata kisa; hayo yakishaingia kichwani hayapotei mtoto akianza kusoma Kiingereza. Mama yule yule akijilazimisha Kiingereza cha kuvunjikavunjika, anampa mtoto maneno mia mbili yale yale kila siku.

Kiangazi kimoja tulimwomba bibi mmoja mzaliwa wa Tanga atutolee hadithi ya sungura na fisi mbele ya watoto wa kila asili. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaja kavaa kanga yake, akakaa kwenye kiti kifupi cha watoto na kuita, "Paukwa!" Wajukuu wake wawili wakajibu peke yao, kwa aibu. Akaita tena, akawanyooshea kidole walioko nyuma, na kufikia mara ya tatu chumba kizima kiliitikia "Pakawa!" wakiwamo watoto waliokuwa hawajawahi kusikia Kiswahili maishani. Baada ya hapo hakuhitaji tena kuombwa.

Jambo moja la kuwatayarisha wageni: maktaba nyingi huwa na siku ya watoto kumsomea mbwa. Si mzaha. Mpango wa namna hiyo ulianzia Salt Lake City mwaka 1999, kwa hoja kwamba mtoto anayesitasita hujisikia huru mbele ya msikilizaji asiyesahihisha wala kucheka. Mbwa hao wamefunzwa na wako na mabwana zao. Kwa familia ambazo mbwa ni najisi kwao, au ambao mbwa wa kule walikotoka hakuwa mnyama wa kupapaswa, hakuna ulazima wowote. Uliza siku yake ni ipi na upange kuja siku nyingine.

Sasa watu wazima, ambao ndio wanaopitwa zaidi. Mzazi anamleta mtoto, anakaa garini na simu mpaka amalizie. Ndani, maktaba nyingi zina usomaji wa kiangazi wa watu wazima pia, wenye bahati nasibu ya zawadi ambayo, tukisema kweli, washindani wake huwa wachache. Nyingi zina baraza la mazungumzo ya Kiingereza: watu sita au kumi wakizunguka meza, hakuna mtihani, mnazungumzia bei za nyumba na mapishi. Mjini New York, maktaba ya Queens imekuwa na idara ya kuhudumia wahamiaji tangu 1977. Kwingine utakuta masomo ya kompyuta, msaada wa kuandika wasifu wa kazi, na matayarisho ya mtihani wa cheti kinacholingana na kumaliza sekondari.

Darasa la uraia linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu mtihani umebadilika. Walioomba uraia kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanasoma orodha ya maswali 128. Afisa huuliza hadi 20, na unatakiwa upate 12. Walioomba kabla ya hapo walibaki na utaratibu wa maswali 100, ambapo huulizwi zaidi ya 10 na kufaulu ni 6. Vitabu vingi vya mazoezi kwenye rafu, na hata baadhi ya vile vinavyouzwa, ni vya orodha ya zamani. Angalia mwaka wa kuchapishwa kabla hujaanza kukariri. Na kama nyumbani mna mzee wa miaka 65 au zaidi aliyeishi na kadi ya kijani kwa miaka 20 au zaidi, huyo ana orodha fupi ya maswali 20, huulizwa 10 na kupata 6, tena anaruhusiwa kufanya sehemu hiyo kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Sisi tutakupa vitabu, chumba na mwalimu wa kujitolea. Ushauri wa kisheria hatutoi. Mkutubi si wakili, na akijifanya ni wakili mkimbie.

Chakula. Serikali kuu hugharamia chakula cha mchana cha kiangazi kwa watoto, na maktaba nyingi ni vituo vya kukigawa. Anayeruhusiwa ni yeyote mwenye miaka 18 kushuka chini. Kwenye vituo vilivyo wazi kwa wote hakuna fomu, hakuna kuulizwa mshahara wa baba. Mijini mtoto hula palepale, habebi kwenda nacho nyumbani. Si kila tawi lina huduma hii, kwa hiyo piga simu kwanza kabla ya kuwapandisha watoto wanne kwenye basi.

Karatasi je? Kuingia maktabani hakuhitaji kitambulisho, na vipindi vingi havihitaji hata kadi ya maktaba. Kadi ya kuazimia vitabu kwa kawaida inataka jina na ushahidi wa anwani: mkataba wa nyumba, bili ya umeme, barua ya ofisi. Hadhi ya uhamiaji si sharti la kupata kadi. Majimbo karibu yote yana sheria zinazolinda siri ya kumbukumbu za wasomaji, yaani nani aliazima nini. Kuhusu faini, hofu nyingi zimepitwa na wakati. Chicago iliziondoa faini za kuchelewesha mwaka 2019, maktaba za New York zikafuata 2021, na maktaba nyingi nyingine zimefanya hivyo. Kitabu kikipotea kabisa au kikiloa kwenye beseni, hicho bado unaweza kudaiwa. Njoo uzungumze nasi mapema, mara nyingi pana njia. Linaloniuma ni familia inayomkataza mtoto kuazima chochote kwa miaka miwili kwa sababu ya kitabu kimoja kilichopotelea kwenye kuhama nyumba.

Lipo jambo moja ambalo nasi hatulegezi. Maktaba si kituo cha kulelea watoto. Kila moja ina umri ambao mtoto haruhusiwi kuachwa peke yake, na umri huo hutofautiana mji kwa mji. Mtoto wa miaka sita aliyekabidhiwa kaka wa miaka tisa, mama akaenda zamu ya saa nane, anatuweka sote pabaya: jioni tukifunga milango hatuwezi kumwacha nje, na tusipompata mzazi tunalazimika kuita polisi. Uliza kanuni ya tawi lenu siku ya kwanza. Kama zamu zinawabana, familia mbili au tatu za mtaa mmoja zinaweza kupeana siku, leo mama huyu, kesho shangazi yule.

Vitabu vya Kiswahili ni vichache katika matawi mengi, na sehemu ya lawama ni yetu. Sehemu nyingine ni kwamba hakuna anayeviomba. Maktaba karibu zote zina fomu ya kupendekeza ununuzi, na maombi matano kutoka familia tano huonekana kwenye bajeti. Wakati mnasubiri, African Storybook ina hadithi za watoto za Kiswahili mtandaoni bila malipo, na unaweza kuzichapisha maktabani kwa senti kidogo.

Kama Kiingereza hakijakaa sawa, sema tu "Swahili" pale kaunta. Maktaba nyingi zina mkalimani kwa njia ya simu. Taja kwamba ni Kiswahili cha Kongo kama ndicho chako, maana mkalimani wa Mombasa na mama wa Bukavu hupotezana njiani mara kwa mara. Ratiba za kiangazi hutoka Aprili au Mei, na vipindi vyenye nafasi chache, hasa vya roboti na vya mapishi, hujaa ndani ya siku chache. Vya hadithi na vya mazungumzo ya Kiingereza mara nyingi havina usajili, unafika tu na kukaa.