Mwandishi mgeni hajaja kusahihisha majibu yenu

Jamani hili niliseme maana juzi nimelisikia tena, na sio kwa mwanafunzi, ni mwalimu mwenzangu kabisa: "Si mwandishi mwenyewe anakuja? Tumuulize kitabu chake kina maana gani ubishi uishe." Ubishi hauishi hivyo, na mkiumaliza hivyo mmeliua somo.

Nafundisha fasihi ya Kiingereza hapa Tabora, ziara za wageni wa idara nazipanga mimi, kwa hiyo yale maswali nayajua. Dhamira kuu ni ipi. Falsafa yako ni ipi. Yule mzee anayekufa mwishoni ni ishara ya ukoloni au ya mila? Mwandishi wa watu anababaika, anatoa jibu la heshima, darasa zima linaandika kwenye daftari kama jibu la mtihani, na wiki inayofuata hakuna anayefungua tena kitabu. Hilo ndo linaniuma. Mwandishi anajua alichokusudia, na hata hicho mara nyingi anakumbuka nusunusu maana kaandika zamani, ila kilichopo kwenye ukurasa kinaweza kuwa kingine kabisa na hicho ndo chetu sote, tukisome, tukipinge, tukitetee kwa mistari. Shakespeare kafariki 1616. Mwalimu Nyerere, aliyesoma sekondari hapahapa Tabora, hakuwa na wa kumuuliza, alikaa na maandishi yenyewe mpaka akatupa tafsiri za tamthilia zake, Julius Caesar 1963 na Mabepari wa Venisi 1969.

Nakubali kuna mahali neno la mwandishi lina uzito, mfano sura ipi mhariri aliikata au toleo lipi lina makosa ya uchapaji. Hapo muulizeni. Na kusema kweli mpaka leo sijaamua kama akae ndani wakati wanafunzi wanachambua kitabu chake, akiwepo wanakuwa wapole mno, asipokuwepo wanaona wamenyimwa mgeni. Nimejaribu vyote na sijaridhika.

Msomi mgeni ni habari nyingine, yeye aje na utafiti ambao haujaiva, tumbane maswali, atuonyeshe nyaraka ziko wapi. Wapo walio vyote viwili, Abdulrazak Gurnah alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent huku anaandika riwaya, akapata Nobel ya fasihi 2021, ila hata mtu wa aina hiyo ukimwalika amua kabisa umemwita kwa kazi ipi.

Mwandishi mpeni miswada! Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana chuoni Makerere, Uganda, wakabishana sana fasihi ya Kiafrika ni ipi. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa bado mwanafunzi pale, akampa Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, mswada wake ausome, na 1964 riwaya ikatoka kwa wachapishaji Heinemann. Kila mtu anafundisha yale mabishano, mimi nawaambia wanafunzi wangu kuhusu ule mswada.

Hapa kwetu kuna binti alileta hadithi ya msichana anayeshuka treni usiku stesheni ya Tabora. Mgeni akaisoma kwa sauti, ukurasa wa pili akasimama, akauliza, "Kabeba nini?" Binti akaanza kueleza kwamba dhamira yake ni umaskini. Mgeni akarudia taratibu, "Mkononi, kabeba nini?" Kimya kidogo. "Dumu la asali, la mjomba wake, kifuniko kinavuja." Basi andika hilo, akamwambia, akachukua penseli akaifuta ile aya yote ya umaskini, na binti akaanza kuandika palepale kabla hata mwenzake hajaitwa. Hakuna hotuba ya ukumbini inayofanya kazi hiyo.

Kwa hiyo wenzangu mnaoalika wageni, wekeni chumba kidogo na wanafunzi wachache, miswada imfikie mgeni mapema kabla hajasafiri, hotuba na picha na wakuu zisubiri siku ya mwisho. Na wanafunzi wangu, miswada ya muhula ujao naipokea ofisini, ichapwe, iachwe nafasi pana pembeni ya kuandikia, na msiniambatanishie maelezo ya dhamira.