Kibao Hakikanyagi Breki

Wiki iliyopita nimeletewa barua nyengine. Ina muhuri wa sheha, ina saini za wazazi zilizojaza kurasa mbili, na inaomba kibao cha kikomo cha mwendo cha kilomita 50 kwa saa kilichopo mbele ya skuli yao king'olewe, kiwekwe cha 20, "ili gari zipunguze mwendo". Imeandikwa kwa adabu na kwa uchungu wa kweli, maana mtoto wa darasa la pili amevunjika mguu pale akivuka kwenda kununua ubuyu. Nimekuwa mhandisi wa barabara hapa Unguja kwa miaka kumi na tisa na sikumbuki mwezi uliopita bila ya ombi la namna hii. Sina ugomvi na wazazi hao hata kidogo. Ugomvi wangu ni na hilo neno "ili", kwa sababu ndani yake mna imani kwamba kibao ndicho kinachopunguza mwendo wa gari, na kwamba sisi maofisini tumezikalia namba ndogo na tunawapa tunaojuana nao.

Namba haiokotwi. Ombi likifika kutoka shehia kupitia baraza la manispaa, tunakwenda barabarani pamoja na polisi wa usalama barabarani, tunatazama upana wa lami, kona, vichochoro vinavyotokeza barabarani, vituo vya daladala, skuli, misikiti, soko na rekodi za ajali, kisha tunapima mwendo. Hayo ya mwanzo yanaonekana kwa macho, sitayakawilia. Kupima mwendo ndiko kusikoeleweka, hata na baadhi ya wenzangu wanaokufanya.

Tunapima saa nne asubuhi au alasiri, lami ikiwa kavu na msongamano umepungua, kwa sababu tunatafuta mwendo ambao dereva ameuchagua mwenyewe. Gari iliyobanwa nyuma ya nyengine haihesabiwi. Nafasi baina yake na iliyo mbele ikiwa chini ya sekunde nne au tano, mwendo huo si wake, ni wa aliyemtangulia. Mpimaji hukaa kando, chini ya mkungu au kwenye barza ya duka, bila ya fulana ya kung'aa, maana dereva wa kwanza akiiona atawawashia taa wote anaokutana nao, na kuanzia hapo utakuwa unapima hofu ya polisi. Rada nayo lazima ielekee usoni mwa gari kadiri inavyowezekana, kwa sababu ikishikwa kwa pembe husoma pungufu: kwa pembe ya nyuzi 30, gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa huonekana inakwenda 52. Niliwahi kuletewa karatasi nzima ya vipimo vilivyochukuliwa na kijana aliyesimama mbali kando ya barabara, na barabara ambayo kila mtu anajua ni ya mbio ikaonekana ya watu watulivu. Tulivitupa vyote na kuanza upya.

Tukishapata gari 100 za namna hiyo, tunazipanga kutoka ya polepole hadi ya kasi. Mwendo wa gari ya 85 ndio tunaouita asilimia 85, na kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kikomo kiwekwe karibu na hapo, kwa hoja kwamba madereva wengi wana akili timamu na wanaozidi hapo ndio wa kukamatwa. Hapa natofautiana na wenzangu, wala sioni haya kulisema kwa ukali. Hoja hiyo ilipata nguvu kutokana na utafiti wa David Solomon wa mwaka 1964, ulioonesha kwamba wanaohusika zaidi na ajali ni wale wanaoachana sana na mwendo wa wastani, wawe wa kasi kuliko wenzao au wa polepole. Lakini Solomon alichunguza barabara kuu za mashamba za Marekani, ambako gari hukutana na gari. Barabara ya Mwanakwerekwe ina watoto wa madrasa, gari ya ng'ombe iliyobeba mchanga, baiskeli yenye tenga la samaki na bibi anayevuka na kikapu chake akielekea sokoni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemo katika zile gari 100. Tunawauliza wenye injini peke yao mwendo upi unafaa, kisha tunaliita jibu lao kuwa ni sayansi. Mwaka 2017 hata bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, nchi iliyoukuza utaratibu huu, ilipendekeza usipewe uzito uliokuwa nao.

Tena utaratibu huo una ubaya wake wa ndani. Barabara ikishatiwa lami mpya, gari huongeza mwendo. Tukienda kupima, tunaikuta asilimia 85 imepanda. Tukipandisha kibao kiifuate, dereva aliyezoea kuzidisha kidogo huzidisha kidogo juu ya namba mpya. Bado naipima hiyo asilimia 85, kwa sababu inaniambia jambo moja ambalo hakuna kifaa chengine kinachoniambia: umbali uliopo baina ya namba ninayotaka na barabara niliyonayo. Nikitaka 30 na asilimia 85 ni 62, najua kwamba kibao hakitanifikisha huko.

Na 30 naitaka. Pasiwe na anayedhani kwamba natetea mbio. Gari inayokwenda 50 hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kumuona mtoto, kuelewa anachokiona na kuupeleka mguu kwenye breki, tayari amepita mita 21, na breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita 14 nyengine, jumla 35. Akiwa anakwenda 30, atasimama ndani ya mita 18. Mtoto akitokea mita 20 mbele, gari ya 30 haimgusi kabisa, na ile ya 50 inampiga kwa mwendo wake wote wa 50, kwa kuwa mguu haujafika kwenye breki. Mwezi wa masika, lami ikiwa na maji, ile sehemu ya breki inakaribia kuwa maradufu.

Niliwahi kuyachora haya kwa chokaa mbele ya kamati ya skuli moja ya Magharibi B. Tulitandaza utepe wa kupimia, nikamuomba mama mmoja asimame kwenye mita 18 na mwalimu kwenye mita 35, na mimi nikasimama pale gari inapomuona mtoto. Watu walinyamaza wakitazama ule uwazi baina ya mama na mwalimu. Kisha bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya tofali akaniuliza, "Mwanangu, nimefahamu. Na hiyo gari itajuaje kama inatakiwa isimame kwa huyu na si kwa yule?" Nikamwambia, "Kwa kibao, bibi." Akaigeukia barabara, pana, iliyonyooka kama rula, akaniambia, "Basi haitajua."

Bibi yule alilielewa jambo ambalo nahangaika kulieleza vikaoni. Dereva hasomi kibao kwanza, anaisoma barabara. Njia ya upana wa mita tatu na nusu, bega pana, hakuna kona, hakuna mti karibu, hiyo inamwambia apite, na inamwambia hivyo kwa kila mita anayokwenda, ilhali kibao kinasema mara moja na kubaki nyuma. Tazameni mtu anavyoingia kwenye miembe ya Bungi, ile inayosimuliwa kuwa ilipandwa na Bi Khole, binti wa Sultan Said, namna kivuli na vigogo vinavyomfanya aulegeze mguu mwenyewe. Au njia ya zamani ya Chake kwenda Wete kule Pemba, ambayo kona zake zinafanya kazi ya askari usiku na mchana. Sisemi tupande miembe kando ya kila barabara, maana kigogo kina hatari yake kwa anayetoka njiani. Nasema barabara nyingi mpya tulizozijenga visiwani miaka ya karibuni tumezichora kwa ajili ya 80, tukazipitisha mbele ya skuli, kisha tukaomba 50 kwa rangi na bati. Hilo ni kosa letu wahandisi kabla ya kuwa kosa la dereva wa daladala.

Kinachonikera kuliko vyote, na ambacho barua hizi hazikigusi, ni kwamba kibao kina msomaji wa pili, naye ni mtu wa miguu. Mzazi anapoona 20 imebandikwa, anamruhusu mtoto avuke peke yake. Barabara ya mita saba humchukua mtu mzima kiasi cha sekunde sita kuivuka, na mtoto mdogo au mzee huhitaji nane. Kwa sekunde nane, gari inayokwenda kweli 20 inasogea mita 44 au 45, kwa hivyo anayeiona mita 60 mbele anavuka kwa amani. Ikiwa inakwenda 60, kwa muda huo huo inasogea mita 133. Yule mtoto amepiga hesabu sahihi kwa namba tuliyompa sisi, na namba ilikuwa ya uongo. Ndiyo maana nakataa kuweka 20 mahali ambapo sijafanya lolote jengine, na ndiyo maana nakasirika ninapoambiwa kwamba kibao hata kisiposaidia hakidhuru. Kinadhuru, na kinamdhuru yule yule aliyekiomba.

Sasa niseme lililo dhidi yangu, kwa kuwa nitakuwa si mkweli nikilificha. Mahali palipofanyiwa vipimo makini, kushusha namba peke yake bila ya kugusa barabara hushusha mwendo wa wastani kwa kiasi cha robo ya punguzo. Wales ilipoteremsha kikomo cha mitaa mingi ya makaazi kutoka maili 30 hadi 20 mwezi wa Septemba 2023, mwendo ulishuka, ila haukushuka kwa maili 10. Hiyo robo inaonekana ndogo, lakini kanuni inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani inasema kila asilimia moja inayoongezeka kwenye mwendo wa wastani huongeza ajali zenye vifo kwa karibu asilimia nne. Kwa hesabu hiyo hata kibao kitupu kingeokoa watu. Nimelala na swali hilo mara nyingi. Ninachokitilia shaka ni kama robo hiyo inahama pamoja na kibao kuja mahali ambapo kamera hakuna na askari yupo siku mbili kwa mwezi. Naweza kuwa nimekosea, na nikiwa nimekosea, wapo watu wanaolipia ukaidi wangu.

Vivyo hivyo ile michoro inayooneshwa kwenye semina, kwamba anayegongwa kwa 50 karibu hakika anakufa: mingi ya zamani ilitia chumvi, kwa sababu ilitegemea zaidi ajali mbaya, na waliochubuka wakaenda zao nyumbani hawakuandikwa. Uchambuzi wa baadaye umezishusha asilimia zile. Hata hivyo hatari ya 50 inabaki kuwa mara kadhaa ya hatari ya 30, na hilo linatosha. Azimio la Stockholm la Februari 2020, la mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani, liliitaja 30 kuwa ndiyo ya juu mahali ambapo watu na gari wanachanganyika mara kwa mara, na sioni sababu ya Darajani au Jang'ombe kuwa nje ya hilo.

Kuhusu matuta nitasema kidogo tu. Tuta zuri lina urefu wa mita 3.7 kwa mwelekeo wa gari na kimo kisichozidi sentimita 10, lina rangi na linaonekana usiku. Lile la saruji na mawe linalojengwa na vijana wa mtaa usiku mmoja baada ya ajali linamrusha mtu wa bodaboda na mkewe aliye nyuma, na mjamzito aliyemo ndani ya daladala anaumia. Nalielewa linakotoka. Tafadhali msilijenge.

Jengine lisilonipa raha ni hizo saa zetu za kupimia. Saa nne asubuhi watoto wamo madarasani. Wanaopita barabarani kwa miguu ni wa saa saba skuli zikitoka, wa baada ya alasiri wakienda chuoni, na mwezi wa Ramadhani ile nusu saa kabla ya magharibi, ambapo kila mwenye usukani anaikimbilia futari yake na kila mtoto ametumwa barafu. Kikomo kimoja cha mchana na usiku, cha mwaka mzima, hakiwezi kuitosha barabara kama hiyo. Siku hizi napima mara mbili, mara moja kwa taratibu za vitabu na mara ya pili kwenye saa za watoto, kisha naziweka karatasi zote mbili mbele ya kamati.

Barua ya skuli ile nimeshaijibu. Nimependekeza 30 badala ya 20, na isiwekwe mpaka kazi ifanyike: kivuko cha milia kiinuliwe kilingane na njia ya miguu, kisiwa kijengwe katikati ili mtoto avuke nusu kwa nusu, kituo cha daladala kilichopo hatua chache kabla ya kivuko kisogezwe mbele yake, kwa sababu daladala iliyosimama ndiyo iliyomficha mtoto yule asionekane, na lami inywee kwa nusu mita kila upande. Kisha nikamwendea mama anayeuza ubuyu upande wa pili wa barabara. Tumekubaliana kwamba atahamia upande wa skuli, chini ya ukuta, na mwalimu mkuu ameahidi kumwekea paa la makuti kabla ya mvua.