Kitabu cha Zamani Kina Mwenyewe, Tafadhali

Hii hamu mpya ya kutafuta hadithi za wanawake wetu wa kwanza walioandika tumeifurahia sana hapa maktaba Kisumu, watu wanakuja, wanauliza, wengine hata wanaleta. Shida ni kwamba na malalamishi yameongezeka. PDF za vitabu vizima zinazunguka kwa magrupu ya WhatsApp, fotokopi zinafungwa vizuri zinauzwa, na ukiuliza muuzaji anakwambia ati kitabu ni cha 1966, miaka hamsini ilishapita, sasa ni cha kila mtu.

Hapana jamani. Ile miaka 50 ya sheria ya hakimiliki ya Kenya haianzi siku kitabu kilitoka, inaanza mwisho wa mwaka ambao mwandishi alifariki. Chukua The Promised Land ya Grace Ogot, ndiyo hiyo ya 1966. Mama Grace alituacha Machi 2015, so unangoja 2015 iishe, halafu unaongeza hamsini, unafika mwisho wa 2065. Marjorie Oludhe Macgoye pia ni 2015, hesabu ni hiyo hiyo. Asenath Bole Odaga alifariki 2014, kwa hivyo yake inaisha na 2064. Mwandishi akiwa bado anaishi hesabu haijaanza hata. Kinachohesabiwa tangu kichapishwe ni kile kitabu ambacho mwandishi wake hajulikani, na hapo pia akishajulikana mambo yanabadilika.

Na usiniambie mchapishaji alifunga. Ndio, East African Publishing House ilishakufa zamani, lakini kampuni ikifa haki hazizikwi nayo, kuna mtu anazo, ni familia au ni kampuni nyingine iliyochukua. Ukitaka kuchapisha tena, au kugeuza hadithi iwe mchezo wa kuigiza, unaandika barua kwa mchapishaji, asipojibu unatafuta familia, ukikwama unauliza KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, na kila barua unaweka nakala yake, yenye tarehe. Anayechapisha ili auze, anayeuza, na yule anayekaa nazo dukani akingoja wateja, wote wako ndani ya sheria moja na ni kosa la jinai, kuna faini na kuna kifungo. Kusoma kwako binafsi, utafiti, au kunukuu kidogo ukitaja mwandishi, hiyo inaruhusiwa, hakuna mtu atakusumbua.

Sasa hili lingine linanichosha kidogo: ati wanawake wa huku walianza kuandika juzi. Hadithi ya The Rain Came, ya Oganda, yule binti wa chifu Labong'o anayetolewa kafara ziwani ndio mvua inyeshe, wengi waliisoma shuleni na ukiwauliza nani aliandika wanakodoa macho. Ni Grace Ogot, na ilitoka mara ya kwanza 1963 kwa jarida la Black Orpheus huko Nigeria, ikiwa na jina lingine, The Year of Sacrifice. Mwaka wa The Promised Land ndio pia Flora Nwapa wa Nigeria alitoa Efuru, na huku kwetu Odaga alikuwa ameshaanza na vitabu vya watoto, baadaye akafungua kampuni yake ya uchapishaji hapa hapa Kisumu. Halafu kuna Miriam Were wa Kakamega, ambaye watu wanamjua kama daktari wa afya ya jamii peke yake, wakati The Eighth Wife ni riwaya yake ya 1972. Hawa hawakupotea. Vitabu vyao viliacha kuchapishwa, karatasi ilikuwa nyepesi, na kile kisichokuwa kwa mtaala kikaliwa na mchwa.

Vile kitabu kinarudi ni kwa sababu kuna mtu alikuwa na nakala. Huko Marekani Harriet Wilson alitoa Our Nig mwaka 1859 na kikasahaulika kabisa, mpaka msomi Henry Louis Gates akaangukia nakala kwa duka la vitabu vikuukuu, akachimba rekodi za serikali kuthibitisha mwandishi alikuwa mwanamke mweusi, kikachapishwa tena 1983. Zaidi ya miaka 120 hiyo.

Kwa hivyo tuletee, hasa vya Dholuo, kama ile Miaha ya Grace Ogot ya 1983 ambayo wengi wanajua tafsiri yake ya Kiingereza tu. Na unapoleta, tafadhali sana, usipige selotepu. Gundi yake inakula karatasi na hatuwezi kuitoa bila kung'oa maandishi. Usilaminishe, usianike juani kutoa ukungu, usiandike jina lako na biro ndiyo tujue ni chako. Kifunge kwa karatasi safi kikavu ulete hivyo hivyo na uchafu wake. Daftari za mkono au barua za nyanya zikiwepo, usizichambue wala kuzipanga upya, ule mpangilio nao unatusaidia kujua nini kiliandikwa lini.

Ukifika kaunta utaonyesha kitambulisho, utajaza fomu, utapewa risiti. Kitu chenye hakimiliki tunakitolea nakala ya kuhifadhi na ya kusomea ndani tu, hatukutumii kwa simu hata ukiomba vizuri. Fomu inauliza kama unatupa kabisa au unatukopesha tuskani kisha urudishiwe. Weka tiki moja. Wengi wanaweka zote mbili, halafu miezi baadaye ndugu wanakuja kubishana mbele yetu.