Nusu ya pesa si nusu ya chakula

Nimetumiwa tena ule mchoro wa Marekani unaolinganisha pesa za chakula cha nyumbani na za kula nje, na maneno yaleyale ya kulaani ulafi chini yake: "Hawapiki tena, nusu ya chakula wanakula mgahawani!" Jamani. Mchoro hauna kosa. Aliyeusoma ndiye mwenye kosa.

Wizara ya Kilimo ya huko inapojumlisha matumizi ya chakula, inahesabu pesa, haihesabu sahani. Kwa pesa ni kweli: kula nje kulishaupita ununuzi wa chakula cha nyumbani, kukaporomoka 2020, kisha kukapanda tena. Sasa hesabu kalori. Mwaka 1977–78, asilimia 17 zilitoka nje ya nyumba. 2011–12 zikawa asilimia 34. Zimeongezeka maradufu, sibishi. Lakini theluthi imegeuka nusu lini?

Bili ya mgahawa imebeba mshahara wa mpishi, wa mhudumu, wa muosha vyombo, pango, umeme na faida. Mama akisimama jikoni kwake jioni nzima, kazi hiyo haionekani popote kwenye matumizi ya kaya. Tunaandika unga na mafuta, basi. Akiajiriwa, familia ikaanza kununua mlo uleule uliopikwa tayari, matumizi yanapanda hata kama hakuna aliyeongeza tonge. Kwa hiyo sehemu ya huo "ulafi" mnaoulaani ni kazi ya zamani iliyopata bei. Sehemu kubwa kiasi gani? Anayekupa namba moja kwa swali hilo, mwogope.

Kuhusu wale wanaodai "zamani chakula kilikuwa bei rahisi", nitasema kwa ufupi maana Ernst Engel, mtakwimu wa Kijerumani, alishalimaliza 1857: kipato kikikua, fungu la kipato linaloenda kwenye chakula linapungua. Huko Marekani fungu hilo limeshuka kutoka kama asilimia 17 ya kipato baada ya kodi mwaka 1960 hadi karibu 10 mwaka 2000. Wastani huo nao una hila zake: ukizigawa kaya mafungu matano kwa kipato, mwaka 2022 fungu la chini kabisa lilitumia kama asilimia 31 ya kipato chake kwa chakula, la juu kabisa 8.

Na kuna jambo ambalo vitabu hulipitia harakaharaka. Takwimu za mauzo zinajumuisha watalii na kampuni zinazolipia wageni wao chakula. Shajara za kaya, yaani madaftari ambamo familia huandika ilichonunua, haziwagusi hao, na mwenye shajara husahau kahawa aliyoinunua njiani. Vyanzo hivyo viwili havilingani, na bado watu wanavichanganya kwenye jedwali moja bila hata tanbihi.