Je, wajua? Sarafu ya Kirumi haina tarehe, lakini mwaka wake husomeka

Wasomaji wa Injili wanakumbuka Yesu alivyoomba aonyeshwe dinari, akauliza sura na maandishi yaliyo juu yake ni ya nani. Mpaka leo, anayetaka kuitambua sarafu ya Kirumi huanza na maswali hayo hayo mawili. (Neno lenyewe, dinari, ni denarius ya Warumi iliyotufikia kupitia Kiarabu.) Sura humtaja mtawala. Maandishi yanayoizunguka mara nyingi hutoa hata mwaka, ingawa hakuna tarehe iliyochongwa popote.

Siri iko kwenye vyeo. Warumi walivifupisha vyeo vya kaizari wao, na baadhi ya vyeo hivyo walivihesabu.

Chukua dinari ya Septimius Severus, kaizari aliyezaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Upande wa kichwa imeandikwa SEVERVS PIVS AVG. V hapo husomwa pia kama U, na AVG ni Augustus, cheo cha kaizari. Upande wa pili: P M TR P XVIII COS III P P. P M ni kuhani mkuu, na P P ni baba wa nchi. COS III maana yake amekwisha kuwa konsuli, yaani kiongozi mkuu wa mwaka huko Roma, mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa mwaka 202, kwa hiyo sarafu haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ufunguo wenyewe ni TR P, mamlaka ya mtetezi wa raia wa kawaida. Severus aliyapata mwaka 193 alipotwaa utawala, na kila mwaka hesabu ikaongezwa moja. Ukianza na 193 kama wa kwanza, wa 18 ni 210. Kaizari alikuwa vitani Britania wakati huo. Alifia huko huko, mjini York, tarehe 4 Februari 211.

Napenda sana njia hii kwa sababu kijistari kimoja kina uzito mkubwa mno. Huko Pompeii, mji uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, ilifukuliwa dinari ya kaizari Titus. Wataalamu walisoma juu yake IMP XV, yaani majeshi yamemshangilia kwa ushindi mara ya 15. Lakini hati rasmi za mapema Septemba mwaka huo bado zilimwandika XIIII, yaani 14. Basi ikaonekana mlima haukulipuka tarehe 24 Agosti kama ilivyozoeleka, bali baadaye. Mwaka 2013 sarafu hiyo ikachunguzwa upya kwa makini: ni XIIII. Ushahidi ukaanguka, ingawa maandishi ya mkaa yaliyopatikana ukutani mjini humo mwaka 2018, yenye tarehe ya katikati ya Oktoba, yamewapa tena nguvu wanaosema mlipuko ulikuwa wa vuli.

Ndiyo maana mkusanyaji mzoefu haisugui sarafu yake kwa mchanga, siki wala brashi ya chuma. Sarafu ya shaba yenye udongo huilowesha kwa maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa mvuke), siku nyingi ikibidi, kisha huuondoa udongo taratibu kwa kijiti cha mti. Utando wa kijani au kahawia huuacha ulivyo, kwa kuwa mara nyingi herufi zimo ndani ya utando huo huo, na ukiubandua unaondoka nazo.