Kilomita mbili za Ballard

Kazi yangu ni kusanifu njia za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, na swali ninaloulizwa mara nyingi na vikundi vya wananchi ni namna ya kuushawishi uongozi wa jiji urefushe njia ambayo tayari ipo. Badala ya kuwajibu kwa kanuni za jumla, huwa nawapeleka kwa maneno hadi Seattle, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kwenye njia iitwayo Burke-Gilman. Njia hiyo imebeba harakati mbili tofauti za wananchi: ya kwanza ilizaa matunda katika muda wa miaka saba, na ya pili imezungushwa kwa zaidi ya miaka 20, ingawa inadai kipande cha kilomita mbili na kidogo tu, ambacho wenyeji wamekizoea kwa jina la kiungo kinachokosekana.

Burke-Gilman imejengwa juu ya mkuza wa reli, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya reli. Thomas Burke na Daniel Gilman, ambao njia inabeba majina yao, walikuwa miongoni mwa waasisi wa kampuni ya reli iliyoanzishwa mwaka 1885, na treni zake zilipita kando ya Ziwa Washington zikisomba magogo. Reli ilipoelekea kufungwa mwaka 1971, wakazi walitambua kwamba mji uliokwisha kujaa nyumba haupati mara mbili ukanda mrefu kama ule. Injini ya treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo mahali ilipopita treni mtoto naye atapita kwa baiskeli bila kushuka kuisukuma, na katika mji wenye vilima kama Seattle jambo hilo lina thamani kuliko lami yenyewe. Mwaka huohuo wananchi walifanya matembezi ya kudai njia, wengine kwa miguu na wengine kwa baiskeli, wakakusanyika Matthews Beach kando ya ziwa. Mwaka 1978 njia ilifunguliwa, ikiwa na urefu wa takriban kilomita 19, kutoka Gas Works Park hadi Kenmore.

Wapinzani wa wakati ule walikuwa hasa wenye nyumba zinazopakana na mkuza. Waliogopa wezi, waliogopa kelele, waliogopa kwamba bei ya nyumba zao ingeshuka. Mwaka 1987 idara ya uhandisi ya jiji ilichunguza suala hilo, ikakuta kwamba nyumba zilizo karibu na njia, ingawa hazipakani nayo, ziliuzwa kwa wastani wa asilimia 6 zaidi, na kwamba zile zinazopakana nayo hazikuathirika, wala uhalifu haukuongezeka kwa sababu ya njia. Ripoti hiyo imenukuliwa na watetezi wa njia katika miji mingi, na mimi pia nimeinukuu. Hata hivyo naona imetulemaza kidogo, kwa kuwa imetuzoesha kuamini kwamba kila anayepinga njia ana hofu isiyo na msingi, na kwamba tukimwonyesha takwimu atatulia.

Ballard ndiko imani hiyo ilikogonga mwamba. Hiki ni kitongoji cha magharibi mwa Seattle, palipo na milango ya maji ya Hiram M. Chittenden, iliyofunguliwa mwaka 1917 ili kupitisha vyombo kati ya bahari na maziwa ya ndani. Ukingo wake una karakana za boti, biashara za uvuvi, na viwanda vya kokoto na zege. Njia ikitokea mashariki inakoma kwenye barabara ya 11 kaskazini-magharibi, kisha inaanza tena karibu na milango ya maji na kuendelea hadi ufukwe wa Golden Gardens. Katikati, kwenye kile kiungo kinachokosekana, kuna barabara ya Shilshole, reli fupi ya mizigo, na mfululizo wa malango ambayo malori huingia na kutoka siku nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baraza la jiji lilichagua Shilshole kuwa mapito ya kipande hicho, na wenye viwanda wakapinga.

Hofu yao ina msingi, na hapo ndipo harakati ya pili inapotofautiana na ya kwanza. Dereva wa lori la zege anayekata kona kuingia langoni haoni upande wa kulia wa lori lake kwa ukamilifu, na semitrela inayotoka kwa kurudi nyuma huhitaji kuziba barabara kwa muda. Ukimpitishia mbele ya lango mamia ya waendesha baiskeli, dereva huyo atalazimika kusubiri, na kiwanda kinachouza zege mbichi hakiuzi bidhaa inayovumilia kusubiri. Hoja kama hizo hazijibiwi kwa maandamano wala kwa bei za nyumba. Hujibiwa kwa mchoro wa kila lango: upana wake, pembe ya kona ya lori, umbali ambao dereva na mwendesha baiskeli wanaweza kuonana, na malango gani mawili ya kampuni moja yanaweza kuunganishwa kuwa moja.

Wapinzani walikuwa na silaha nyingine, na silaha hiyo ina kejeli ndani yake. Mwaka uleule wa 1971, wananchi walipotembea kudai njia, jimbo la Washington lilitunga sheria ya sera ya mazingira, inayotaka mamlaka ya umma ipime athari za mradi kabla ya kuujenga. Jiji, likiamini kwamba njia ya baiskeli haiwezi kuwa na madhara makubwa kwa mazingira, lilitoa tamko fupi la kusema hivyo. Tamko likakatiwa rufaa, na mwaka 2012 msikilizaji wa rufaa za jiji akaamuru tathmini kamili ifanywe, kwa kuwa msongamano na hatari za barabarani nazo huhesabiwa kuwa athari. Tathmini ya mwisho ilitoka mwaka 2017. Nayo ikafuatwa na mashauri mengine mahakamani. Sheria iliyotungwa kuwalinda watu dhidi ya miradi mizito ikatumika kuzuia njia ya watembeao, na iliwezekana kwa sababu jiji lilitaka kupita mkato. Nikitazama nyuma, naamini kwamba kikundi cha wananchi ambacho kingeidai tathmini kamili tangu siku ya kwanza, hata kwa kuudhi marafiki zake ndani ya jiji, kingeokoa miaka kadhaa.

Kuna hoja moja ambayo kwa maoni yangu ilistahili kutangulizwa kuliko zote, nayo ni kwamba waendesha baiskeli tayari wapo Shilshole. Mtu aliyetoka mashariki kwa njia tambarare hataacha kwenda ufukweni kwa sababu lami ya njia imeishia barabara ya 11; ataingia barabarani pamoja na malori. Kwa hiyo suala halijawahi kuwa kama baiskeli na malori yakutane au yasikutane. Suala ni kama yakutane mahali palipopangwa, penye alama na mwonekano, au popote tu.

Na hatari ya kipande hicho haitoki kwa malori peke yake. Karibu na daraja la Ballard reli inakata mapito ya baiskeli kwa mshazari. Kando ya kila chuma cha reli kuna mwanya ambamo ukingo wa gurudumu la behewa hupita, na mwanya huo unatosha kumeza tairi la baiskeli. Ukiuvuka kwa pembe mraba, tairi linaruka bila shida. Pembe inapopungua, na hasa ikiwa chini ya nyuzi 30, tairi hufuata mwanya badala ya kuuvuka, usukani unagoma, na mwendeshaji anaanguka kabla hajajua kilichotokea. Mvua nyepesi ya Seattle ikilowesha chuma, hata mzoefu huanguka. Dawa yake inajulikana: njia hupindwa kidogo kabla ya reli ili iivuke kwa nyuzi 60 au zaidi. Lakini kupinda kunahitaji nafasi, na nafasi iko ndani ya hifadhi ya barabara ambayo wenye viwanda wamezoea kuegeshea magari. Hapo utaona jinsi swali la uhandisi linavyogeuka kuwa swali la nani ananufaika na ardhi ya umma kwa mazoea.

Limekuwapo pendekezo la kuachana na ukingo wa maji na kupitisha njia mtaa wa juu, kupitia barabara za Leary na Market, penye maduka. Sina ugomvi na wanaolikubali kwa kuchoka, kwa kuwa njia iliyojengwa ni bora kuliko iliyochorwa. Ila mchepuo huo una makutano mengi zaidi, na mwendesha baiskeli, kama maji, hufuata mteremko mwepesi. Sehemu ya wasafiri itabaki Shilshole hata mchepuo ukikamilika. Anayeutetea aseme wazi kwamba anajenga njia mbili: moja yenye lami mpya, na nyingine ambayo bado itahitaji kuvukishwa reli kwa usalama.

Ndiyo maana kikundi kinachonijia na bango na orodha ya saini huwa nakiomba kwanza kitembee kipande chote kinachodaiwa, asubuhi ya siku ya kazi, kikiwa na futi ya kupimia na daftari, kiandike kila lango, mwenye lango, saa ambazo malori huingia, na mahali ambapo dereva hawezi kuona. Wengi hurudi wakiwa na majina ya mameneja wawili au watatu waliotoka kuwauliza wanapima nini.