Mzee asiyefika barazani

Ukiitisha mkutano wa wazee wa shehia, eneo la chini kabisa la utawala hapa Zanzibar, watakuja wenye miguu. Wao ndio watakaosema, na shida zao ndizo zitakazoandikwa. Bibi aliyelala chumba cha ndani tangu alipoanguka hatasikika, na mara nyingi yeye ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote. Kwa hivyo anayejitolea katika kamati ya ushauri ya huduma za wazee namwambia hili kabla ya mengine: kazi yako iko majumbani. Mkutano ni mahali pa kuyaleta uliyoyakuta huko.

Nyumba za wazee za serikali, Sebleni na Welezo hapa Unguja na Limbani kule Pemba, zinatunza wachache. Waliobaki wanaishi na watoto na wajukuu, au peke yao. Wagaweni kwa mitaa, mjumbe mmoja asibebe zaidi ya nyumba kumi, na kila mzee awe na ukurasa wake katika daftari: jina lilivyo kwenye Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, jina analoitwa mtaani, tarehe ya kuzaliwa, anaishi na nani, simu ya jirani, hali ya macho, masikio na miguu, na nani anampokelea fedha zake. Majina yote mawili yaandikwe. Mtaa mzima unamjua kwa jina la utani, lakini orodha ya malipo hailijui.

Umri ndio unaosumbua zaidi. Pencheni Jamii, fedha ambazo serikali inawalipa wazee kila mwezi, ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa, na ni haki ya Mzanzibari aliyetimiza miaka 70 hata kama hakuajiriwa siku moja maishani. Sasa yuko mzee ambaye kitambulisho kinamfanya mdogo kuliko alivyo, kwa sababu siku ya kuandikishwa mtu alikisia mwaka. Usimuulize amezaliwa lini. Muulize alikuwa wapi ulipotokea mgomo wa wafanyakazi wa 1948, alipofariki Sultan Khalifa bin Harub Oktoba 1960, au yalipotokea Mapinduzi Januari 1964. Aliyekuwa na miaka kama saba mwaka 1960 amezaliwa karibu na 1953. Hesabu hiyo si ushahidi, lakini inakuonesha nani wa kupelekwa mapema kwa sheha, mkuu wa shehia, na cheti gani au shahidi gani wa kutafutwa.

Ukifika nyumbani, piga hodi, toa shikamoo, kaa kitako. Kwa bibi aende mjumbe mwanamke. Ukiuliza "una shida gani?" utajibiwa "alhamdulillahi", na heshima inamzuia kusema zaidi. Uliza mambo ya kuonekana: choo kiko wapi, usiku unafikaje, jana umekula nini, dawa zako ziko wapi nizione.

Hapo kwenye dawa tulia. Chukua paketi ya dawa ya presha uhesabu. Kama tarehe 1 alianza vidonge 30, kimoja kila siku, basi tarehe 21 asubuhi kabla hajameza vibaki 10. Ukikuta 22, amekula 8 tu. Kwa kawaida anakula siku kichwa kinapouma, au anaziwekea akiba zisimalizike. Presha haipigi hodi, na kiharusi kinaweza kuja siku ambayo kichwa hakiumi. Wewe usimpangie dozi. Andika hesabu, mwombe mtu wa nyumbani ampeleke kituo cha afya na paketi mkononi. Ukirudi wiki ijayo, hesabu tena.

Habari ya fedha iulizwe mkiwa wawili tu. Wako wanaowapokelea wazee kwa uaminifu mkubwa, na yuko mjukuu anayekata nusu njiani. Mzee hatamtaja mbele ya mkwewe, wala wewe usilitaje barazani.

Mkutano wenyewe uwe baada ya sala ya alasiri, mahali pasipo ngazi, na viti vyenye mikono, kwa sababu mzee huinuka kwa mikono. Usifanyike kwenye maskani wala kwenye tawi la chama chochote. Hili nalisisitiza: ukifanyika huko, nusu ya wazee hawatakanyaga, na watakaokosa huduma ni wao. Kamati iliyojaa wastaafu wa ofisini pia ina upungufu; watafuteni mvuvi, mkulima wa mwani, na bibi aliyesokota kamba za makumbi maisha yake yote. Vidole vyake vimelainika hata mashine ya alama za vidole inaweza kuvikataa, na yeye atawaambia hilo mapema.

Barua ya kwenda wilayani ibebe shida moja. "Dawa hazipatikani" haimfungi mtu yeyote. Andikeni hivi, kwa mfano: kati ya tarehe 1 na 30 wazee 14 walikwenda kituo cha afya, 9 wakaambiwa dawa ya presha haipo, tunaomba kujua italetwa lini. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, ibaki kwenu. Zikipita wiki mbili kimya, wajumbe wawili waende na nakala hiyo wenyewe.

Usiahidi kitu. Hata "tutaangalia" kwa mzee ni ahadi, atakaa mlangoni akisubiri. Na jibu likija, hata likiwa "bado", arudishiwe yule bibi wa chumba cha ndani kwa mdomo, siku ile ile.